Sengakuji: Hekalu tulivu katikati ya Tokyo, na kwa nini ulale jirani nalo

Tokyo ni jiji lisilopumzika. Treni zinapishana kila baada ya dakika chache, na watu wanatembea kama wanakimbizwa. Lakini ukitoka stesheni ya Sengakuji na kupanda mlima kidogo, unafika kwenye lango la mbao, na ghafla hata wewe mwenyewe unapunguza sauti.

Hapo ni Sengakuji, hekalu la Kibudha la madhehebu ya Soto, mojawapo ya matawi makubwa ya Zen nchini Japani. Kuingia uani ni bure. Unalipia tu ukitaka kuona jumba la makumbusho.

Zen ni nini hasa?

Neno lenyewe limesafiri. Lilianzia India kwa lugha ya Kisanskriti likimaanisha kutafakari, likapita China likawa 'chan', na Wajapani wakalitamka 'zen'. Soto ilipelekwa Japani na mtawa Dogen, aliyerudi kutoka China mwaka 1227.

Ibada yake kuu ni kukaa. Yaani kukaa tu: miguu imekunjwa, mgongo umenyooka, macho yamefunguka kidogo. Wafuasi wa Soto hukaa wakiutazama ukuta. Hawaombi kitu. Wanaangalia pumzi na kuacha mawazo yapite.

Makaburi yanayovuta watu

Sengakuji ilianzishwa mwaka 1612 na Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeiunganisha Japani. Iliungua mwaka 1641, ikajengwa upya hapa ilipo leo. Jengo kuu liliteketea tena katika Vita Kuu ya Pili, likajengwa upya baada ya vita.

Lakini wengi huja kwa ajili ya makaburi. Mwaka 1701, bwana mmoja aitwaye Asano Naganori alichomoa upanga ndani ya ngome ya mtawala na kumjeruhi ofisa, Kira Yoshinaka. Siku hiyohiyo aliamriwa kujiua. Kira hakuadhibiwa.

Samurai wa Asano wakabaki bila bwana wala kazi. Arobaini na saba kati yao, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walisubiri karibu miaka miwili. Usiku mmoja wa theluji, Januari 1703 kwa kalenda yetu, walivamia nyumba ya Kira, wakamuua, wakatembea na kichwa chake hadi Sengakuji. Walikiosha kisimani, wakakiweka mbele ya kaburi la bwana wao. Kisima hicho bado kipo, utakipita njiani.

Serikali ilipata kigugumizi. Walikuwa wamevunja sheria, lakini wananchi waliwaona mashujaa. Mwishowe 46 waliamriwa kujiua kwa heshima badala ya kuuawa kama wahalifu. Wa 47 alisamehewa, akaishi hadi uzeeni. Mawe ya makaburi yao yapo hapo, karibu na la bwana wao.

Miaka zaidi ya 320 imepita na watu bado wanawawashia udi. Unanunua fungu la vijiti vinavyofuka moshi, kisha unapita kaburi moja baada ya jingine ukiacha kijiti. Harufu si ngeni kwa mtu wa Pwani. Lakini ukifika kaburi la kijana aliyekufa akiwa na miaka 16 tu, mtoto wa Oishi mwenyewe, swali linakukaa: huu ulikuwa utiifu au upotevu? Wajapani wenyewe wamelijadili kwa karne tatu.

Utulivu una saa zake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanalala upande wa pili wa jiji, wanafika saa sita mchana na kundi la watalii, wanapiga picha, wanaondoka. Halafu wanasema hawakuona utulivu wowote.

Ukilala jirani, unaingia asubuhi lango likishafunguliwa. Unakuta wazee wa mtaani wanaosimama kidogo kuinamisha kichwa kabla ya kuendelea na safari zao. Na ng'ambo tu kuna majengo marefu mapya ya Takanawa Gateway, yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2025. Usipokuwa mapema, jiji linakuwahi.

Epuka tarehe 14 Desemba kama unataka kimya. Siku hiyo ni kumbukumbu ya samurai hao na watu hufurika. Kama unapenda sherehe, basi ndiyo siku yako.

Ulale wapi, ufikeje

Stesheni ya Sengakuji ina treni za moja kwa moja kutoka viwanja vyote viwili, Haneda na Narita. Haneda ni karibu zaidi, kama dakika 20. Angalia ubao kabla ya kupanda, maana si kila treni hupita hapo.

Hoteli nyingi ziko Shinagawa, stesheni moja tu kutoka hekaluni. Hoteli za wasafiri wa kazi zina vyumba vidogo lakini visafi. Mwenye bajeti ndogo atafute hoteli za vijumba: unapata kitanda ndani ya kijumba cha kujilaza tu, na bafu ni la pamoja. Mara nyingi chumba unakabidhiwa kuanzia saa tisa alasiri, ila mapokezi hukutunzia begi ukiwahi.

Adabu za hekaluni

• Vuka kizingiti, usikikanyage.
• Unganisha viganja, inama. Usipige makofi, hayo ni ya madhabahu ya Kishinto.
• Simu iwe kimya. Usijipige selfi ukiegemea kaburi.
• Kama huabudu, hulazimiki kuomba. Kusimama kwa heshima kunatosha.
• Ukitaka kujaribu kukaa Zen, uliza kwanza. Baadhi ya mahekalu ya Tokyo hupokea wageni kwa siku maalumu.

Kama safari yako ya Japani ni ya masomo au kufuata magari, ratiba huwa imebana. Lakini saa moja ya asubuhi haitakuharibia kitu. Amka mapema, acha kifungua kinywa kisubiri, panda kale kamlima.