Subaru ya Kampala inapokwama mpakani Busia

Ukikulia Busia, ng'ambo si mbali. Ni pale tu, ukishapita ofisi za forodha. Hata jina boda boda inasemekana lilizaliwa huku, enzi za baiskeli zilizobeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Basi umepata kazi Kampala, umepanga chumba, umeweka akiba mwaka mzima na zaidi. Sasa kila Jumamosi unazunguka kwenye bondi za magari ukiitazama ile Impreza ya bluu yenye spoila nyuma na turbo chini ya boneti. Bei ni nafuu kuliko ya Nairobi. Tayari unajiona ukiingia nayo kwenu, egzosi ikinguruma, watoto wakikimbilia barabarani.

Subiri kwanza.

Jamaa mmoja ninayemjua alinunua ya mwaka 2006 namna hiyo hiyo. Kazi ya Kampala ilipoisha alirudi kuishi upande wa Kenya, gari likabaki Busia ya Uganda, kwa mjomba wake, chini ya turubai. Jumapili anavuka kwa miguu, analiwasha, analiacha liungurume dakika kumi, analizima, kisha anapanda boda kurudi nyumbani. Mathe wake humwita "mwenye gari", na si kwa kumsifu.

Wengi hudhani shida ni kodi. Kodi zipo, na zinauma: ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila moja ikihesabiwa juu ya nyingine. Lakini kodi unaweza kuchanga ulipe. Umri wa gari huwezi kuupunguza. Kenya haikubali gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025 mpaka uliotangazwa na KEBS ulikuwa magari ya 2018 kuja juu. Uganda nayo, kwa sheria ya 2018, inakataa yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kati ya minane na kumi na tano ndipo magari unayoyaota yanapoishi. Chukua Lancer Evolution X, ambayo Mitsubishi iliacha kuitengeneza 2016. Haiwezi tena kuingizwa Kenya kama mtumba. Ya 2013 bado inaingia Uganda. Ukiona Evo ikiuzwa Nairobi, jua iliingia zamani, na mwenyewe analijua hilo vizuri anapotaja bei.

"Si nitakuja nayo na namba za Uganda?" Kuja unaweza. Ukiwa mkaazi wa Uganda, unapewa karatasi ya kuingiza gari kwa muda, unakata bima ya COMESA ile ya kadi ya manjano, unasalimia wazee, unarudi. Karatasi ina tarehe. Na ruhusa hiyo ni ya mgeni, si ya mtu anayelala Kenya kila siku. Utawaona vijana wakizunguka mjini na namba za UB mwaka mzima. Usiwaige. Gari likishikwa, unabaki na ufunguo mfukoni.

Kuna njia ya mkaazi anayerejea nchini, ile ya msamaha wa kodi, na watu huitaja kama dawa ya kila kitu. KRA inataka uwe umeishi nje miaka miwili au zaidi, gari uwe umelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12, na katika miaka hiyo miwili ziara zako nyumbani zisizidi siku 90 kwa jumla. Hebu jiulize, mtoto wa Malaba anayeishi Kampala huja nyumbani mara ngapi? Matanga, harusi, Krismasi, mahindi ya mama. Siku 90 zinaisha kabla hujazihesabu. Tena sheria ya forodha inazungumzia gari lililotumika nje ya nchi za Jumuiya, kwa hivyo usiitegemee kwa gari la Uganda kabla ya kuuliza. Na hata ukisamehewa kodi, ile miaka minane haisamehewi. Wewe uliye Doha au Jeddah, kwako kuna kikwazo kingine: usukani wa huko uko kushoto, na wetu ni wa kulia.

Kama maisha yako yatabaki Kampala, nunua, ufurahie. Ila fika asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, rudi siku nyingine. Tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ukikosa jibu la kueleweka weka hela ya mpya kando. Kumbuka pia injini nyingi za turbo zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani karibu 100, na pampu zetu za kawaida zinatoa 93 hivi. Ukisikia inagonga ukikanyaga mlimani, usiongeze muziki. Linganisha namba ya chesisi na hati ya umiliki, na usitoe shilingi ya mwisho kabla jina halijabadilishwa.

Kama unajua utarudi Kenya baada ya mwaka mmoja au miwili, mimi ningenunua yenye namba za Kenya, hata kama ni ya zamani na haina turbo. Haitafanya watoto wakimbie, lakini utalala nayo uani kwenu.

Mwezi uliopita mnunuzi alitoka Tororo kuja kuiona ile Impreza. Akalizunguka gari mara mbili, akagonga boneti, akauliza bei ya mwisho. Jamaa akamwambia atafikiria. Jumapili iliyofuata alivuka tena kwenda kuliwasha.