Bei Hulipwa Mara Moja, Gharama Haina Mwisho

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeifunza darasani kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanafunzi kwamba mkakasi ni kikasha kilichotiwa nakshi nje, ilhali ndani ni mti mtupu. Hata hivyo, nakiri kwamba sikuielewa barabara hadi Jumamosi moja ya masika, nilipoitwa Kawangware 56 kwenda kutazama gari.

Lilikuwa gari la kifahari la Kijerumani, rangi ya fedha, lenye viti vya ngozi na paa la kitambaa linalojikunja kwa kubonyeza kitufe. Liliegeshwa kando ya vibanda vya nguo za mitumba, na watoto walilizunguka kana kwamba ni bibi arusi. Kwenye kioo cha mbele palibandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: INAUZWA. Mimi ni mtu wa sarufi, na ulimi uliniwasha kusahihisha kwamba gari linauzwa, wala haliuzwi kama nyumba au kama mbuzi. Nikajizuia. Siku hiyo palikuwa na kosa kubwa kuliko la upatanisho wa ngeli.

Aliyeniita ni kijana wa jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mchapakazi asiyejua uvivu. Alikuwa ameweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka minne, na sasa alitaka mkopo. Nia yake ilikuwa kulikodisha gari hilo kwa maarusi kila Jumamosi. Mama yake, muuza mboga, alikuwa ameahidi kuongezea fedha zake za chama. Kilichosalia kilikuwa sahihi ya mdhamini, na fomu alikuwa nayo mkononi. “Mwalimu,” aliniambia, “wewe ndiwe mtu wa pekee ninayemwamini.”

Msomaji mpendwa, maneno kama hayo ni mazito kuliko deni lenyewe.

Nilimwomba anionyeshe tangazo alilotumiwa na muuzaji kwenye simu, maana kazi yangu ni maneno na injini siijui. Liliandikwa hivi: gari limetunzwa vyema, lina tatizo dogo la umeme, paa linafanya kazi ila linahitaji kusaidiwa kidogo, bei ni maelewano, mnunuzi makini tu. Tazama jinsi udogo ulivyofanyishwa kazi nzito hapo. Tatizo ni dogo, msaada ni kidogo. Na hilo “makini” halikuwekwa kwa bahati. Humfanya anayeuliza maswali mengi aonekane mzembe, na anayetoa pesa upesi aonekane mwerevu.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo sokoni huchanganywa, nayo ni bei na gharama. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, lakini hayakutoka shina moja. Bei inatokana na neno lenye maana ya kuuza. Gharama inatokana na neno lenye maana ya faini au fidia, yaani kile unachotozwa baadaye. Wazee wetu waliyaweka mbalimbali kwa hekima. Bei humhusu muuzaji, na hulipwa mara moja. Gharama humwandama mnunuzi nyumbani kwake.

Gari lile bei yake ilikuwa laki tisa, kiasi ambacho huenda kikaonekana kidogo kwa gari la hadhi hiyo. Lakini ni kwa nini lilikuwa rahisi? Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Ndiyo maana hata magari ya Kijerumani aghalabu hutufikia kupitia Japani na Uingereza, wanakoendesha upande wa kushoto kama sisi. Likitua Mombasa hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na ada nyinginezo. Hakuna tajiri anayelipa yote hayo ili gari lake lije liuzwe chee. Likifika kwenye bei ya chee, ujue limepita mikononi mwa wengi, na kila mmoja ameliachia mwenzake jambo ambalo yeye hakutaka kulilipia.

Na paa hilo la kujikunja si kofia ya kuvuliwa na kuvaliwa. Chini yake mna pampu ya mafuta, mipira, mabomba, nyaya na vihisio. Kimoja kikigoma, vyote vimegoma. Mipira ya kuzuia maji ikikauka, mvua huingia ndani na kutuama chini ya mazulia, zilipo nyaya. Hapo ndipo “tatizo dogo la umeme” huzaliwa.

Haya nilimweleza kijana kwa utulivu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: “Mwalimu, kwani vitu vizuri viliumbiwa watu wa Lavington peke yao?”

Nilinyamaza. Lavington iko hapo tu, mwendo wa miguu kutoka Kawangware, na swali lake halikuwa la utani. Katika nchi zetu, tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, watu walibuni jina “Wabenzi” kwa ajili ya wakubwa waliojitenga na umma ndani ya magari ya Mercedes-Benz. Kiambishi “wa-” ndicho tunachotumia kutaja makabila na mataifa, Wakamba, Waganda, Wajerumani. Kwa silabi moja, umma ulisema kwamba matajiri wamekuwa kabila jingine. Sasa kijana wa Kawangware akitaka kuonja, japo kwa kukodisha, raha ya kabila hilo, nani wa kumkataza?

Jibu langu ni kwamba hata Wabenzi wenyewe gharama imewahi kuwashinda, tena wakilipiwa na mlipa kodi. Mnamo Juni 2009, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alitangaza katika bajeti kwamba magari ya mawaziri yasizidi injini ya sisi 1,800. Mawaziri wakatakiwa kurejesha magari makubwa na kupokea Volkswagen Passat, na baadhi yao walisitasita kuyaachilia. Wakati huo magari makubwa yalikuwa yameshanunuliwa. Kilichoiuma hazina ni mafuta, vipuri na matengenezo. Ikiwa serikali ililalamika, seuze mama muuza mboga?

Tulimwomba muuzaji afunge paa. Akabonyeza kitufe. Paa likanyanyuka, likalia kama fisi, likasimama wima katikati, halifungiki wala halifunguki. Manyunyu yakaanza. Tulilisukuma watu wanne, huku muuzaji akituhakikishia kwamba huo ndio msaada mdogo aliousema. Nikauliza kitabu cha umiliki ki wapi. Kilikuwa kwa jina la mtu mwingine, ambaye, tuliambiwa, yuko safarini.

Sikutia sahihi. Nilimwambia kijana kwamba nitamdhamini kwa mashine mpya ya kuchomelea, kazi anayoijua gizani na mwangani, na kwamba hata gari sitamkatalia siku atakayokuja na hesabu yenye safu mbili, ya bei na ya gharama, na kitabu chenye jina la muuzaji. Aliikunja fomu polepole, akashukuru kwa adabu, akaondoka mvuani.

Wiki mbili baadaye gari halikuwepo tena. Huenda limepata fundi hodari na linabeba maarusi hivi sasa. Siwezi kuapa kwamba nilikuwa sahihi. Mama yake hunisalimu sokoni kwa uchangamfu na kunipa nyongeza ya sukuma wiki bila kusema neno. Mwanawe naye hunisalimu, ila kwa ufupi. Fomu ya mashine bado hajaileta, na kalamu yangu ingali mfukoni ikimngoja.