Kabla Hujasaini Profoma ya Kuunganisha Mifumo

Mifumo 10 ya kompyuta ikiunganishwa mmoja mmoja kwa kila mwenzake, viungo ni 45. Ikifika 20, ni 190. Hapo ndipo wauzaji hubisha hodi na profoma zao, na wanunuzi wengi huangalia bei ya leseni tu.

Programu ya kibiashara ya kuunganisha mifumo mara nyingi hutozwa kwa ukubwa wa prosesa, kisha huja ada ya msaada ya kila mwaka. Unapata mtu wa kumpigia simu usiku, na hilo si dogo. Lakini mzigo ukikua bili hupanda, na kuhama ni ghali, maana taratibu zako za kazi zimeshazama ndani ya programu ya mwenye duka.

Programu huria ina hesabu nyingine. X-Road, programu ya kubadilishana taarifa kati ya mifumo ya taasisi, ilianza kutumika Estonia mwaka 2001. Leo inaendelezwa na NIIS, taasisi iliyoundwa na Estonia na Finland mwaka 2017, nayo hutolewa bure. Gharama inakuja baadaye: seva za usalama za wanachama, vyeti vya kidijitali, muhuri wa muda, na mafundi wa kuvitunza. Bila mafundi hao, bure hiyo itakutoa jasho.

Hata hivyo, ninachokithamini zaidi Estonia ni sheria yao inayokataza kuanzisha hifadhidata tofauti za kukusanya taarifa zilezile. Kila taarifa ina mwenyewe. Programu yoyote utakayonunua haitakupa hilo. Ni uamuzi wa wakubwa, tena mgumu, kwa sababu kuna idara itakayonyang'anywa daftari lake.

Taasisi ya umma Tanzania iulize kwanza Mamlaka ya Serikali Mtandao kuhusu GovESB, mfumo wa Serikali wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi, kabla ya kutangaza zabuni yoyote.

Mwenye mifumo minne ana viungo sita tu. Huyo simshauri anunue chochote mwaka huu. Aandike orodha ya huduma zake: nani anaimiliki kila moja, nani anaitumia, toleo gani liko kazini, na watumiaji watapewa notisi ya miezi mingapi kabla toleo la zamani halijazimwa. Kazi hiyo ni ya wiki chache na lahajedwali moja. Muuzaji akija mwakani, akabidhiwe orodha hiyo kwanza, ndipo ataje bei.