Renini Inapolala

Mkazi wa Kiseke, Mwanza, akigundulika ana presha, awe amepimwa hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au zahanati ya mtaani, huenda akarudi nyumbani na losatani. Kidonge hicho hakipunguzi mapigo ya moyo wala hakikojoshi. Kinakalia kipokezi, basi, ili homoni iitwayo anjiotensini ya pili ikose pa kushika.

Homoni hiyo hutengenezwa kwa kupokezana. Ini humwaga kwenye damu protini ndefu isiyo na ukali wowote. Figo zikihisi msukumo wa damu umeshuka, hutoa renini, inayoikata protini hiyo na kubakiza kipande cha asidi amino 10. Kikifika mapafuni, kimeng'enya cha ACE hung'oa 2 za mwisho. Zile 8 zinazobaki ndizo zenye kazi: zikishika kipokezi cha AT1, mishipa hubana, tezi zilizo juu ya figo hutoa aldosteroni, chumvi hubaki mwilini na kiu huja. Kwa mtu aliyeharisha sana au kuvuja damu, huo ni uokozi. Kwa asiye na shida hiyo, homoni ikizidi kwa miaka, kuta za moyo hunenepa na vichujio vya figo hupata makovu.

Renini si habari mpya. Wanasayansi Tigerstedt na Bergman waliikuta katika figo za sungura huko Stockholm mwaka 1898.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kiini cha hadithi ni chumvi. Miaka ya 1980, upande wa Kenya, mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Ripoti yao ya 1990 ilionyesha kuwa presha ya wahamiaji ilipanda mapema, ikaipita ya waliobaki kijijini, na uwiano wa sodiamu kwa potasiamu katika mkojo wao ulikuwa mkubwa zaidi. Mwanza nayo inajaa watu waliotoka vijijini.

Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo. Figo zao hung'ang'ania chumvi, chumvi huvuta maji, damu huongezeka ujazo, na figo hazioni sababu ya kuitoa renini. Presha iko juu, anjiotensini iko chini! Kuziba AT1 peke yake hapo ni kufunga mlango ambao wapitaji wake ni wachache.

Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019, uliwapima wagonjwa 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliopewa dawa ya amlodipini pamoja na dawa ya kukojosha, au amlodipini pamoja na perindoprili inayozuia ACE, walishuka presha zaidi kuliko waliokosa amlodipini.

Je, losatani itupwe? Hapana, na hapa wengi huteleza. Kipimo cha presha hakionyeshi yote: anjiotensini huumiza figo na moyo kwa ndani pia, hivyo mwenye kisukari anayepoteza protini kwenye mkojo, au mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, bado anaihitaji. Mjamzito ndiye asiyepewa losatani, wala dawa za kuzuia ACE, kwa kuwa figo za mtoto aliye tumboni huitegemea homoni hiyohiyo ili zikue.