Spika amekufa, au spika imekufa?



Ijumaa iliyopita tulikuwa tunasikiliza hadithi darasani, mara sauti ikakatika. Mwanafunzi mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, spika amekufa!" Babu mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akashtuka pale mlangoni: "Innalillahi! Spika yupi, wa Dodoma au wa Nairobi?" Tulicheka sote. Kilichokwisha kilikuwa chaji tu.

Kiingereza kina neno moja, "speaker", na linabeba watu na vitu pamoja. Kiswahili kinagawa. Tuyaangalie maneno yetu moja moja.

Spika wa Bunge. Huyu ni mtu anayeongoza vikao vya wabunge. Tanzania ilimpata Spika mwanamke wa kwanza, Anne Makinda, mwaka 2010. Dkt. Tulia Ackson alishika kiti hicho mwaka 2022, na mwaka 2023 akachaguliwa pia kuwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Mtauliza: mbona anaitwa hivyo, na kazi yake kubwa ni kuwasikiliza wengine na kuwapa zamu ya kusema? Jina lilitoka Uingereza. Zamani wabunge walimchagua mwenzao mmoja aende kusema mbele ya mfalme kwa niaba yao. Wa kwanza kupewa cheo hicho alikuwa Sir Thomas Hungerford, mwaka 1377. Kazi ilikuwa ya hatari, maana mfalme akichukia maneno humchukia na aliyeyaleta. Wako maspika waliokatwa kichwa.

Spika ya sauti. Hiki ni kifaa, kile cha kwenye simu, kwenye redio, au juu ya mnara wa msikiti. Wengi hukiita pia kipaza sauti. Lakini angalieni: wengine wakisema kipaza sauti wanataka maikrofoni. Ukitumwa kukileta, uliza kwanza: cha kusemea au cha kutolea sauti?

Sasa turudi kwa Babu. Mtu huchukua a- na wa-: Spika *amefika*, maspika *wamefika*. Kifaa huchukua i- na zi-: spika *imeharibika*, spika *zimeharibika*. Herufi moja tu inatuambia tupige simu kwa fundi au tutoe pole. Na tahadhari: ukisema mtu "ameharibika" umemtukana, maana yake tabia yake imekuwa mbaya.

Msemaji. Neno hili lina maana mbili. Kwanza ni mtu anayesema kwa niaba ya wengine. Tanzania kuna Msemaji Mkuu wa Serikali. Pili ni mtu mwenye maneno mengi au anayejua kuyapanga. "Mtoto huyu msemaji!" yaweza kuwa sifa, yaweza kuwa malalamiko. Sikiliza sauti ya anayesema.

Mhutubu. Ni mtoa hotuba mbele ya watu. Hapa Doha mnasikia *khutba* kila Ijumaa. Hotuba yetu imetoka huko huko kwenye Kiarabu.

Mzungumzaji. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Huyu ndiye mtu wa lugha. UNESCO hutaja wazungumzaji wa Kiswahili zaidi ya milioni 200, na tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha siku yao kila tarehe 7 Julai.

Mwanafunzi wetu mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi sihesabiwi. Naelewa tu." Bibi yake akipiga simu, humpa mama yake. Anaogopa binamu zake watamcheka matamshi.

Nikamsimulia jambo la kazini. Siku moja niliitwa kutoka wodi nyingine. Alikuwa amelazwa mama mtu mzima kutoka kwetu, Kiarabu hana, Kiingereza hana. Alikuwa anarudia, "Kifua kinanibana," na waliomzunguka wanamtazama tu. Sikutoa hotuba. Nilisema, "Shikamoo mama. Unaumwa wapi?" Akanishika mkono, hakuuachia mpaka daktari alipofika. Maneno yale manne, kila mtoto wa darasa letu anayajua.

Kwa hiyo, mwanangu, usichanganye msemaji na mzungumzaji. Wasemaji hodari ni wachache katika kila lugha. Mzungumzaji ni yeyote anayeulizwa akajibu. Kusema unaweza peke yako, hata mbele ya kioo. Kuzungumza kunataka wawili. Bibi hangoji hotuba. Anangoja sauti yako.

Wazazi wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Mtoto akikosea, mwache amalize kwanza, kisha rudia sentensi yake kwa usahihi, bila kicheko. Tukimcheka mara tatu, mara ya nne atajibu kwa Kiingereza, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Kazi ya nyumbani

1. Jaza: Spika ya simu yangu ___haribika. Spika wa Bunge ___fungua kikao.
2. Nani msemaji nyumbani kwenu? Uliza kila mtu, ulinganishe majibu.
3. Mpigie bibi, babu au shangazi simu. Sema sentensi tatu kwa Kiswahili, kisha sikiliza. Ijumaa njoo utuambie alijibu nini.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalimu wenu