Malaika Aliyeanguka: Nguvu Zilizombakia na Majuto Yake Yasiyo na Toba

Wakatekumeni wanapenda kuwauliza wakatekista maulizo mawili juu ya shetani. La kwanza: ikiwa alishindwa na kutupwa nje ya mbingu, mbona nguvu zake zinaonekana bado? La pili: ikiwa ana akili nyingi na anajua vema mali aliyopoteza, mbona hatubu, arudi kwa Mungu, maneno yaishe?

Maulizo haya si ya kitoto. Anayejibu vibaya la kwanza anawatia watu woga, hata wanamwogopa shetani kuliko wanavyomtumaini Mungu. Anayejibu vibaya la pili anawafanya wafikiri kwamba Mungu amekosa huruma, ao kwamba kutubu ni neno la mdomo tu. Basi tuangalie kwa utaratibu mafundisho ya Eklezya, tukimfuata zaidi Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu wa seminari zetu.

I. Askari asiyeweza kufa

Maandiko Matakatifu yanawaita malaika majeshi ya mbingu. Wao ni roho tupu, hawana mwili. Sisi watu tunakufa kwa sababu roho yetu inatengana na mwili. Lakini asiye na mwili hana kitu cha kutengana nacho. Kwa hiyo malaika hawezi kufa. Hali hii si tuzo ya wema wake, ni tabia aliyoumbiwa. Alipotenda dhambi hakuipoteza. Na ndiyo sababu adhabu yake haina mwisho.

Tukaze neno moja: shetani si mungu wa pili. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba shetani na pepo wengine waliumbwa na Mungu, wakiwa wema kwa tabia yao, nao wakajifanya wabaya wenyewe. Zamani zaidi, mwaka 561, maaskofu waliokutana Braga, katika nchi inayoitwa leo Portugal, waliwahukumu watu waliosema kwamba shetani hakuumbwa na Mungu bali alitoka katika giza.

Jina la Lusiferi lilitoka wapi? Katika sura ya 14 ya kitabu cha Izaya, nabii anamchekelea mfalme wa Babeli, aliyejikweza sana, naye anamfananisha na nyota ya asubuhi iliyoanguka. Kwa Kilatini nyota hiyo inaitwa lucifer, maana yake mwenye kuleta mwangaza. Mababa wa Eklezya, kama Orijene, waliona katika anguko la mfalme yule mfano wa anguko la malaika. Tusishangae basi tukisikia neno lile lile la Kilatini usiku wa Pasaka katika wimbo wa mshumaa. Pale linamtaja Kristu mwenyewe, nyota isiyotua.

Dhambi yake ilikuwa nini? Mtakatifu Toma anajibu: kiburi. Malaika hakuwaza kugeuka Mungu kwa tabia, kwani alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba jambo hilo haliwezekani. Alitaka kuwa kama Mungu kwa namna nyingine: kuwa na heri yake kwa nguvu zake mwenyewe, bila kuipokea kama neema. Alikataa kupewa. Na jina la Mikaeli, aliyepigana naye katika sura ya 12 ya Ufunuo, kwa Kiebrania ni ulizo linalomjibu: Nani aliye kama Mungu?

II. Nguvu zilizombakia

Tutofautishe mapaji ya tabia na mapaji ya neema. Askari akifukuzwa katika jeshi kwa sababu ya uasi, anavuliwa cheo, hana tena haki ya kutoa amri. Lakini mikono yake ingali na nguvu, na kazi ya vita anaijua bado. Ndivyo ilivyo kwa shetani. Neema aliipoteza, na mapendo ya Mungu yamezimika kabisa ndani yake. Lakini akili na nguvu za kimalaika alizoumbiwa hazikuondolewa.

Kwa hiyo anaweza mambo mengi. Anajua tabia za vitu kuliko wataalamu wote. Anaweza kukisia mambo yatakayokuja akitazama asili zake, kama mvuvi mzee wa Tanganyika anayetazama mawingu na kujua upepo utavuma, lakini kwa ukali zaidi sana. Anaweza kusukuma vitu vya dunia, kuamsha picha katika mawazo yetu, kuchochea hasira na tamaa, na kufanya maajabu ya kudanganya macho.

Sasa tuhesabu yale asiyoyaweza, maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Hawezi kuumba kitu. Hawezi kufanya muujiza wa kweli, kwa sababu muujiza unapita nguvu za kila kiumbe. Waganga wa Farao walimwiga Musa mara kadha wa kadha, lakini walipofika kwenye pigo la tatu walishindwa, wakakiri kwamba ile ilikuwa kazi ya Mungu. Hawezi kujua kwa hakika jambo ambalo mtu mwenye hiari atalitenda kesho. Hawezi kusoma siri ya moyo. Anatazama uso, maneno na mazoea yetu, halafu anakisia. Wala hawezi kulazimisha nia ya mtu. Anabisha mlango, mwenye kufungua ni sisi.

Tena hafanyi neno bila ruhusa. Katika kitabu cha Yobu, Mungu anamwekea mpaka, mara ya kwanza na mara ya pili. Katika Injili, pepo wengi wanamwomba Yezu ruhusa hata ya kuingia katika nguruwe! Mwenye kuomba ruhusa ya kuingia katika nguruwe si mtawala wa ulimwengu.

Maaskofu wa Braga waliongeza neno linalotufaa sana sisi. Walimhukumu mtu ye yote anayesadiki kwamba shetani, kwa mamlaka yake mwenyewe, anafanya ngurumo, radi, tufani na ukame. Imepita miaka zaidi ya 1,400, na bado katika vijiji vyetu radi ikipiga nyumba watu wanatafuta nani aliyeituma. Katekista anayenyamaza siku hiyo anamwachia shetani utukufu ambao Eklezya ilimnyima zamani.

III. Je, shetani anajuta?

Anajuta, lakini hatubu. Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu katekisimu yetu inatumia neno majuto kwa huzuni takatifu ya mkosefu anayekwenda kuungama. Kuna majuto ya namna mbili. Mtu anaweza kulichukia kosa lenyewe, kwa kuwa limemchukiza Mungu. Ao anaweza kuchukia hasara tu iliyoletwa na kosa, huku kosa lenyewe analipenda bado. Mwizi aliyekamatwa anajuta. Lakini wengi wanajuta kukamatwa, si kuiba.

Mtakatifu Toma anauliza kama pepo wana huzuni, naye anajibu ndiyo. Si huzuni ya machozi, kwani hawana mwili. Ni huzuni ya nia inayokutana na jambo isilolitaka. Wangependa mambo mengi yaliyopo yasiwepo, na mengi yasiyokuwepo yawepo. Wanawaonea wivu watu wanaookoka. Adhabu yao hawaitaki. Lakini uasi ulioileta hawauchukii.

Huzuni yake iliyo kubwa kupita zote ni nini? Kila kiumbe chenye akili kinatamani heri kwa tabia yake, na hakuna heri kamili ila Mungu. Tamaa hiyo haikung'olewa ndani ya malaika aliyeanguka. Basi anamhitaji yule yule anayemkataa. Ana kiu ya maji, na hataki kuyapokea kutoka mkononi mwa mwenye kisima. Tena anamwona mtu, kiumbe dhaifu cha udongo, akiinuliwa mahali alipoanguka yeye. Barua kwa Waebrania inakumbusha kwamba Mwana wa Mungu hakuja kuwasaidia malaika, ila uzao wa Abrahamu. Kitabu cha Hekima nacho kinafundisha kwamba kifo kiliingia duniani kwa wivu wa shetani. Sasa tunaelewa wivu huo unatoka wapi.

IV. Kwa nini hawezi kutubu?

Wako wakristu wa zamani, wafuasi wa mawazo ya Orijene, waliotumaini kwamba mwishoni pepo nao watarudishwa mbinguni. Mwaka 543, kule Konstantinopoli, fundisho hilo lilihukumiwa. Si kwamba Eklezya inaona huruma ya Mungu ni ndogo. Katekisimu ya Eklezya Katolika ya mwaka 1992 inaeleza wazi: dhambi ya malaika haisameheki kwa sababu uchaguzi wao hauwezi kugeuzwa, si kwa kasoro ya huruma ya Mungu.

Maelezo ya Mtakatifu Toma ni haya. Sisi watu tunajifunza pole pole. Tunaona upande mmoja wa jambo leo, upande mwingine kesho. Tamaa inatufunika macho, kisha inapoa, nasi tunasema: nilikuwa na wazimu gani? Hapo mlango wa toba unafunguka. Malaika hana pole pole. Anapoelewa jambo, anaelewa lote kwa mtazamo mmoja. Na anapochagua, anachagua kwa nguvu yake yote. Hakuna kesho itakayomfundisha jambo ambalo hakulijua jana. Kwa hiyo Mtakatifu Yoane wa Damasko alifundisha kwamba anguko kwa malaika ni kama kifo kwa watu: baada yake hakuna toba.

Tunalalamika mara nyingi kwamba sisi ni vigeugeu. Ni kweli, na ni aibu yetu tunapogeuka kutoka katika mema. Lakini kugeuka-geuka huku ndiko kunakotuwezesha kurudi. Mungu ametupa siku nyingi, moja baada ya nyingine, kusudi ya leo isahihishe ya jana.

V. Mafundisho kwa sisi

1. Kwa mapadri wanaoungamisha. Petro alimkana Bwana, Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta. Mathayo anasimulia kwamba Yuda alikiri kosa lake mbele ya wakubwa wa makuhani, akarudisha vipande 30 vya feza. Alirudisha feza, lakini yeye mwenyewe hakurudi kwa Bwana. Hatumhukumu, hukumu ni ya Mungu. Lakini tunaona hatari. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulisema kwamba majuto ya kweli ni uchungu wa roho na kuchukia dhambi iliyotendwa, pamoja na kusudi la kutotenda dhambi tena. Ulisema vilevile kwamba hata majuto yasiyo kamili, yanayotoka katika aibu ya dhambi ao hofu ya jehanum, ni paji la Mungu, yakiondoa nia ya dhambi na kuwa na tumaini la msamaha. Basi padri asimfukuze anayekuja kwa hofu. Amsaidie avuke kutoka hofu ya adhabu mpaka mapendo ya Baba.

2. Kwa wakatekista. Papa Paulo VI, tarehe 15 Novemba 1972, alikumbusha kwamba shetani yuko kweli, si mfano tu wa mabaya. Tusimkane. Lakini tusimwone kila mahali, na zaidi sana tusimwone katika mtoto. Katika miji yetu watoto wengi, mara nyingi yatima, wamefukuzwa nyumbani kwa sababu mtu fulani alisema ni walozi. Wengine wamenyimwa chakula, wamefungwa, wamechomwa, eti kwa kuombewa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa adhabu ya kifungo kwa kosa hilo. Sheria ya Eklezya nayo, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu ye yote kumfukuza pepo kwa mwenye kupagawa bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya askofu wa mahali; na askofu anaitoa kwa padri tu, mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Katekista asifanye kazi hiyo. Siku familia inapomleta mtoto wa namna hii, amchukue kwanza mtoto, ampe chakula, amweke pahali pa salama, kisha amjulishe paroko. Shetani ni msingiziaji; anayemsingizia mtoto anafanya kazi yake.

3. Kwa waseminari. Mtakatifu Yakobo anaandika kwamba hata pepo wanasadiki, nao wanatetemeka. Kama shetani angaliketi katika mtihani wa teolojia, angalipata alama zote. Hakuna kosa katika elimu yake. Kosa ni kwamba haina mapendo. Basi elimu ya seminari tuitafute kwa bidii, lakini tusiidhani kuwa ngao. Akili kubwa bila unyenyekevu ilikuwako mbinguni, na tunajua iliishia wapi.

Malaika alianguka mara moja, na kwake kulikwisha. Sisi tunaanguka asubuhi, na jioni padri angali anakaa katika kiti cha kitubio. Tusimfundishe mtu habari za nguvu za shetani bila kumwonyesha kiti hicho, na tusiache kwenda kupiga magoti pale sisi wenyewe.