Uzito wa Risasi na Mnyama Awindwaye

Kituo cha umeme cha Rusizi II, mpakani mwa Rwanda na Kongo, hakiko mbali na msitu wa Nyungwe. Nyati wa mwisho wa msitu huo aliuawa mwaka 1974, na tembo wa mwisho mwaka 1999. Leo Nyungwe ni hifadhi ya taifa, na kuwinda humo ni marufuku. Lakini katika nchi jirani ya Tanzania uwindaji wa leseni ungali unaruhusiwa, na askari aliyeizoea bunduki kazini hupenda kuuliza: risasi ya uzito gani inamfaa mnyama gani?

Kwa neno risasi tunakusudia hapa kile kichwa kinachoruka, si ganda wala baruti. Uzito wake hupimwa kwa greni. Greni 15 na nusu hivi ni sawa na gramu moja. Tuchukue mfano wa bunduki ya kadiri, ile ya milimita 7 iliyobuniwa na Mauser wa Ujerumani mwaka 1892. Risasi zake za kawaida huanzia greni 140 hadi 175, yaani gramu 9 hadi 11 na kitu.

Iliyo nyepesi hutoka kwa kasi zaidi na haishuki upesi njiani. Hiyo yamfaa swala na ngiri, hasa penye uwanda mpana. Ya greni 160 yawafaa kongoni na pundamilia. Iliyo nzito huenda polepole, lakini kwa kuwa ni ndefu kwa unene ule ule, hupenya ndani zaidi. Ndiyo ya mnyama mwenye mwili mkubwa kama pofu. Abadilishaye uzito hana budi kuilenga bunduki upya kwenye shabaha, kwani risasi mpya haitapiga pale ilipopiga ya kwanza.

Wako wanaomtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki hiyo hiyo ya milimita 7. Wasiloliangalia ni kwamba alitumia risasi ngumu, ndefu, za greni 173, zisizotanuka. Tena alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Asiye na elimu hiyo humjeruhi mnyama tu, na nyati aliyejeruhiwa humvizia mwindaji kichakani. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi hudai bunduki kubwa zaidi kwa wanyama wa hatari.

Uzito peke yake hautoshi. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza katika vita risasi zinazotanuka mwilini mwa mtu. Kwa hiyo risasi ya jeshi imefunikwa ganda gumu lote, nayo yaweza kumpita swala ikamwacha akimbie na kufa mbali kwa mateso. Risasi ya mwindaji imeundwa itanuke, ili mnyama afe upesi. Zote mbili zaweza kuwa na uzito mmoja, lakini kazi zake ni mbalimbali. Ya kazini ibaki kazini, na ya mawindoni isiingie vitani.

Mama wa nyumbani naye ana neno lake hapa. Risasi nyepesi yenye kasi kubwa, ikipiga karibu, huvunjika na kuharibu nyama nyingi. Vipande vya madini ya risasi, vidogo visivyoonekana kwa macho, hutawanyika mbali na jeraha, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto na mimba. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa ukarimu na kufukiwa, wala asipewe mbwa. Wanaotumia risasi za shaba huepukana na hatari hiyo. Lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo risasi ya shaba yenye uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na wengi huchagua uzito mdogo kidogo.

Basi, mwindaji na amtazame kwanza mnyama, kisha leseni, kisha risasi. Na akiona shaka juu ya shabaha yake, asifyatue. Nyungwe yatufundisha kwamba mnyama wa mwisho akishauawa, hakuna tena uzito wa kuchagua.